Nusu ya Neno la Rajabu

Rajabu alizikwa Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume waliondoka na jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki kwa mama yake, hapa Chang'ombe, tumejipanga kwenye mikeka kutoka sebuleni mpaka uani, ambako sufuria za wali zilikuwa zikichemka. Nilipata nafasi karibu na mlango wa chumba chake. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa, godoro limeanikwa juani, na ukutani, pale alipokuwa akiegemea, palikuwa na duara jeusi lenye ukubwa wa kichwa cha mtu. Nilikuwa nalitazama hilo duara niliposikia wasichana wawili nyuma yangu wakinong'ona. Mmoja aliuliza mimi ni nani. Mwenzake akamwambia, "Huyo Bi Hawa wa Bunju, alifanya kazi na marehemu." Yule wa kwanza akasema, "Kumbe aliwahi kufanya kazi?" Hakusema kwa ubaya. Ni mtoto wa jirani, amezaliwa akamkuta Rajabu kitandani, na labda alidhani ndivyo alivyoumbwa. Lakini nilitaka kugeuka nimwambie kwamba alifanya kazi, na kwamba mwaka mmoja ofisi nzima ilisimama kwa sababu yeye hakuwepo. Sikugeuka. Msibani mtu hasimulii habari za kompyuta. Ndiyo maana naziandika hapa.

Ofisi yenyewe ilikuwa kiwanda kidogo cha uchapaji, mtaa wa pili kutoka kwao, ukuta mmoja na mafundi wa mageti. Siku nzima tulisikia chuma kikikatwa. Mwenyewe alikuwa Ami Nasoro, Mwarabu aliyezaliwa hapahapa, baba na babu yake wakiwa wauza duka wa Temeke. Tulichapa kadi za harusi, risiti, vitabu vya watoto wa madrasa, na vile vijitabu vya dua ambavyo watu hugawa kwenye hitima. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kushonashona kidogo, basi. Kazi niliyopewa ilikuwa kubeba disketi. Wachapaji walikuwa na kompyuta zao nne, na printa kubwa ilikuwa moja, upande wa pili wa ukumbi. Mtu akimaliza kadi yake anaiweka kwenye disketi, ananiita, naipeleka. Disketi zenyewe zilikuwa zikiharibika kwa vumbi la mafundi wa mageti. Nikifika kwa printa naambiwa haisomeki, narudi, naenda tena. Jioni miguu ilikuwa inawaka. Bi Zuhura, mchapaji mkubwa kuliko wote, mwanamke wa Kizaramo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akinitania kwamba siku nitakayoolewa mume wangu atanikuta nyayo zimekwisha.

Rajabu alikuja mwanzoni mwa mwaka ule, na alikuja kwa ajili ya sanduku. Ami Nasoro alikuwa amenunua kwenye mnada seva ya kampuni iliyofungwa, sanduku zito la kijivu lililobebwa na watu watatu, na hakuna aliyejua linafanya nini. Lilikaa stoo ya karatasi miezi, tukiwekea vikombe vya chai juu yake. Ami hakupenda kitu kikae bure. Akasikia kwamba mtaani kuna kijana aliyejifunza mashine za namna hiyo, zile za Unix, akamwita. Nakumbuka siku ya kwanza alivyoingia, mrefu, mikono ya shati imekunjwa vizuri, akamwamkia shikamoo kila mtu hadi mimi niliyekuwa mdogo wake, kisha akaona aibu tukacheka. Aliondoa vikombe juu ya seva kimoja kimoja, akapangusa alama zao kwa leso yake mwenyewe.

Alitueleza mpango wake wakati wa chakula, maana hapo tu ndipo kila mtu alikuwa amekaa. Mke wa Ami alikuwa akituteremshia sinia kutoka ghorofani, siku hiyo nakumbuka ulikuwa wali na maharage ya nazi, na pilipili ya mbilimbi pembeni. Rajabu alisema kazi zetu zote zitakaa ndani ya seva, sehemu moja, na kila kompyuta itazifungua kutoka hapo; na printa nayo ataifunga kwenye seva, ili mtu akae kwenye kiti chake, atume, itoke. Tatizo, akasema, seva inaongea Unix na kompyuta zetu zinaongea Windows, hazielewani, kwa hiyo ataweka mkalimani katikati. Bi Zuhura akamuuliza huyo mkalimani naye atakula wapi. Tangu siku ile, programu hiyo ikaitwa Mkalimani, hata na Ami. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria kwamba kama hakuna disketi, hakuna wa kuzibeba. Nadhani Rajabu aliona, maana alipomaliza kuvuta nyaya ukutani, moja aliifikisha kwenye meza ya pembeni, akaweka kompyuta ya tano iliyokuwa imetupwa, akaniambia, "Hawa, hii yako. Disketi zimekwisha, miguu ipumzike."

Alinifundisha kuchapa katika saa za mapumziko. Watu walisema mambo yao. Ukweli ni kwamba hatukuwa wachumba, wala hakuwahi kuniambia neno la namna hiyo, ingawa kama angesema ningeitika. Alikuwa mpole mpaka unamwonea huruma. Mkalimani alipoanza kufanya kazi, shida ya kwanza ilikuwa Bi Zuhura. Printa ilikuwa ikichelewa kidogo, na yeye akituma kadi isipotoka mara moja, anatuma tena, na tena, kisha anainuka kwenda kunywa maji. Baada ya muda zinatoka zote tatu. Karatasi zikaanza kupotea. Rajabu akamweleza kwa adabu kwamba kazi ikishatumwa inakaa kwenye foleni, inasubiri zamu, haina haja ya kurudia. Bi Zuhura akavua miwani. "Mwanangu," akamwambia, "hodi hupigwa mara tatu. Usipojibiwa, unarudi kwenu." Nasi wengine tukawa tunafanya vilevile, maana ndivyo tulivyolelewa. Rajabu hakubishana. Alikaa na seva siku mbili akaifundisha kwamba kazi ileile ikija mara tatu, itoe moja tu. "Siwezi kumbadilisha Bi Zuhura," alisema, "nitambadilisha Mkalimani." Zile kadi zilizozidi tulifungia kashata mpaka zikaisha, harusi za watu tusiowajua.

Sasa kuna jambo moja ambalo lazima nilieleze vizuri. Umeme wa Chang'ombe ulikuwa wa kukatika. Ukikatika, seva inalia kwenye betri yake ya dharura dakika chache, kisha inazimika. Ukirudi, seva inaamka yenyewe lakini Mkalimani haamki. Rajabu aliacha hivyo kwa makusudi, kwa kuwa umeme ulikuwa unarudi na kukatika tena, na alitaka kwanza akague kama ndani ni salama. Kwa hiyo kila mara anaingia stoo, anavuta pazia, tunamsikia akisema Bismillahi, kisha vidole vinapita kwenye kibodi kwa mkupuo mmoja, mikono yote miwili, haraka kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Hilo lilikuwa neno la siri la seva. Mashine ile ukiandika neno la siri haionyeshi kitu kwenye kioo, hata nukta. Ni vidole na giza. Akimaliza, anafungua pazia, Mkalimani yuko kazini.

Aliwahi kutaka kumpa Ami lile neno. Nilikuwepo, nilikuwa nakata kadi. Alimwambia, "Ami, si vizuri nijue mie peke yangu. Nikuandikie ulifungie kabatini." Ami Nasoro akaona kama kijana anadhani haaminiki. Akamshika bega. "Amana ya mtu mmoja ni amana," akasema. "Ikiwa ya wawili ni habari. Kaa nayo." Kwa watu wetu hiyo ni heshima kubwa, na Rajabu aliipokea kama heshima. Akainamisha kichwa, akarudi stoo. Nimelifikiria tukio hilo miaka yote hii na sijapata wa kumlaumu. Mmoja alitaka kutoa, mwingine alikataa kwa wema.

Kiharusi kilimpata wakati wa mfungo sita, mwezi wa Maulidi, akitawadha alfajiri. Alikuwa bado hajafika thelathini. Hatukujua kwamba kijana anaweza kupata presha. Hospitali walimkalisha wiki kadhaa, kisha wakamrudisha kwa mama yake. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamemtoka. Si kwamba mdomo ulikataa tu. Alikuwa anatafuta neno na haliko. Akitaka maji anatoa sauti moja, akitaka mama yake anatoa sauti ileile. Kusoma na kuandika navyo vilikwenda. Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa akikaa upande wake wa kulia, ule mkono uliokufa ameuweka mapajani mwake, anausugua kwa mafuta ya habasoda tangu asubuhi hadi jioni, kama vile mkono ulikuwa na baridi tu.

Ofisini Mkalimani aliendelea kufanya kazi, kwa sababu umeme haukukatika. Siwezi kueleza vizuri zile siku. Tulikuwa watu wazima tumekaa tunachapa huku tunatazama balbu. Fundi wa mageti akiwasha mashine yake na taa ikatetemeka, mikono yote inasimama hewani. Bi Zuhura alikuwa akisema chinichini, usikatike, usikatike baba. Hakuna aliyejua kuhamisha zile kazi zote kutoka kwenye seva kuja kwenye kompyuta ndogo, na kompyuta zenyewe zilikuwa zimejaa. Tulitoa chache, zile tulizokumbuka. Kisha mchana mmoja, tunakula mihogo, feni ikapunguza mwendo ikasimama. Tukasikia seva inalia stoo. Ililia, ikalia, hakuna aliyekwenda kuitazama, maana mtu aende kufanya nini? Ami Nasoro alisimama mlangoni mwa stoo amekunja mikono nyuma mpaka iliponyamaza. Umeme uliporudi jioni, taa zake za kijani ziliwaka kama kawaida, na kwenye kompyuta zetu zote lile folda la kazi halikuwepo tena. Miaka ya kazi ya ofisi ilikuwa palepale chumba cha pili, mashine inapumua, na hatuwezi kuigusa.

Akaja fundi kutoka mjini. Alikaa siku mbili, akatuambia kwa upole kwamba mlango unaweza kuvunjwa, lakini diski za kuvunjia za aina ile ya mashine hana na hajui pa kuzipata, na akilazimisha bila hizo huenda akafuta kila kitu. Akauliza, huyo mwenye neno la siri hayupo kabisa? Ami aliniita kando, kwenye kivuli cha ukuta wa mafundi. Alikuwa amezeeka ndani ya mwezi. Alisema kiti cha Rajabu hakuna atakayekikalia, apone lini apone, lakini bila zile kazi ofisi yenyewe itafungwa, na kiti kitakuwa cha nini? Mama yake ananifahamu, nimekuwa nikipeleka uji, niende nikamuulize Rajabu. Nikamwambia, Ami, kwa nini usiende wewe mwenyewe? Akatazama chini. "Mimi niliyekataa kuambiwa," akasema, "nitauliza kwa mdomo gani?"

Nilikwenda. Nilimuuliza polepole, nikamtajia seva, Mkalimani, neno la siri. Alielewa. Hilo ndilo lililokuwa baya, alielewa kila kitu. Alifungua mdomo ikatoka ileile sauti moja, akajaribu tena, jasho likamtoka usoni, kisha machozi. Mama yake akaniambia, "Mwache, mwanangu, mwache." Niliporudi na kusimulia, Bi Zuhura akasema kwamba yeye mwenyewe, ukimuuliza herufi fulani iko wapi kwenye kibodi, hajui, lakini vidole vinajua. Huenda neno la Rajabu halikukaa kichwani. Nimpelekee kibodi. Tukachomoa ile ya seva yenyewe, nikaifunga kwenye kanga, nikaibeba kifuani mtaani kama mtoto.

Ilikuwa asubuhi, chumba kinanuka habasoda na uji wa ulezi. Nilipofungua kanga, Rajabu aliitazama kibodi, na sura yake ikarudi kuwa ya mtu niliyemjua. Nilimwekea mapajani. Mkono wa kushoto ukajipeleka wenyewe mahali pake. Mama yake alikuwa pale upande wa kulia, ameshika ule mwingine. Midomo ikacheza, nadhani ilikuwa Bismillahi. Kisha kidole kikabonyeza T. Kikasimama. Bega la kulia likaruka kidogo. Kikabonyeza E. Bega likaruka tena, mara mbili, mama yake akausugua mkono akidhani unauma. Kisha E tena, na R, na bega. Ilinichukua muda kuelewa ninachokiona. Neno lilikuwa limegawanywa mikono miwili tangu alipolitunga, na mkono mmoja ulikuwa umekufa na herufi zake. Alipofika mwisho alinitazama. Kile kitufe kikubwa cha kumalizia kiko upande wa kulia. Nikakibonyeza mimi. Rajabu akainua macho ukutani, pale ambapo ofisini kingekuwa kioo, akasubiri. Alirudia, ikaja vilevile. Nikamwambia asante. Akalala, amechoka kama aliyetoka shambani.

Zile herufi nilimpelekea Ami. Fundi wa mjini alijaribu kila neno lililoweza kukaa juu yake, majina ya mitaa, majina ya sura za Kurani, kisha hata yasiyokaa, kama jina la mama yake. Bi Zuhura akanikonyeza, akasema ajaribu na Mwanahawa, jina langu zima. Halikuwa. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona kitu kingine, nacho sina haja ya kukitaja. Keshokutwa yake nilirudi kwa Rajabu. Alikuwa ananisubiri, ameegemea ukuta, na aliniuliza kwa macho. Ningeweza kuitikia kwa kichwa kwamba limefunguka. Mama yake hangejua, ofisi isingejua, na yeye angepumzika. Sijui kusema uongo, sikufundishwa, au labda nilifundishwa nikashindwa. Nikamwambia, "Bado, Rajabu. Halijafunguka." Hakulia. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaivuta kibodi mapajani, akaanza upya. Ami aliposikia alisema nisiichukue, abaki nayo.

Fundi mwishowe alilazimisha, na kila kitu kikafutika, kama alivyosema. Tulianza kuchapa upya kutoka kwenye nakala za karatasi tulizookoteza, lakini wateja hawakusubiri. Kiti cha Rajabu kilikaa wazi mpaka siku Ami alipofunga, na pale sasa wanauza vigae. Mimi niliolewa nikahamia Bunju. Nilikuwa nikija Idi na kwenye misiba, napeana mkono na Rajabu, ule wa kushoto, na mapajani mwake palikuwa na kanga imefunika kitu. Wageni walikuwa wakicheka, ndiyo maana mama yake alikuwa akikifunika. Sikuwahi kuifunua.

Alhamisi ile, wanaume hawajarudi kutoka makaburini, Bi Mwanaisha aliniita kwa mkono. Amekuwa mdogo sana, macho hayaoni vizuri. Wale wasichana wakanipisha. Alikuwa na ile kibodi mapajani, akaisogeza kwangu. Upande wa kushoto herufi zote zilikuwa zimefutika, vitufe vimekuwa laini kama kokoto za mtoni, vingine vimebonyea havirudi. Upande wa kulia ulikuwa vilevile nilivyouleta, kila herufi nyeupe, mahali pake. Akaniambia kwamba kila siku, kila siku ya Mungu, asubuhi akishakunywa uji, Rajabu alikuwa akiandika. Na yeye alikuwa akimwitikia, ndiyo baba, nimesikia, maana alijua mwanawe anazungumza naye. Sasa anataka kujua kabla na yeye hajaenda.

"Wewe ndiye uliyeileta," akasema. "Alikuwa akiniambia nini?"

Nilikuwa na jibu moja zuri na jibu moja la kweli, na niliwahi kulitoa la kweli chumbani mle nikaona lilichofanya. Nilimshika magoti.

"Lilikuwa neno la kufungulia mashine ya kazini, mama. Alikuwa anajaribu kutupa. Mie niliona nusu yake tu, hii ya mkono wa kushoto."

Vidole vyake vilipita polepole juu ya vile vitufe vilivyofutika, vikavuka katikati, vikafika kwenye upande mpya, vikasimama.

"Na nusu hii?"

"Hiyo ya mkono wa kulia. Hatukuipata."

Bi Mwanaisha akatandaza kiganja chake juu ya zile herufi nyeupe, akakiacha hapo.

"Mkono huo nilikuwa nao mimi," akasema. "Nilikuwa nimeushika."